Spana Namba Kumi na Saba

Fomu yetu ina kurasa nne.
Ukurasa wa tatu, swali la kumi na moja: Ndoto yako ni ipi?
Tumewaachia mistari mitano.
Nusu yao huandika daktari, waliobaki rubani,
na mmoja, mwaka wa mafuriko,
aliandika "kulala pakavu", nikamwelewa.

Ajwang' Oloo wa Obunga, miaka kumi na saba,
binti wa mkaanga mgongo wazi,
mikono ikinuka mafuta ya samaki ambao minofu yao
ilikwishapanda ndege kwenda kuliwa na wengine,
aliandika kwa kalamu yangu, herufi kubwa, mstari mmoja:
SPANA NAMBA KUMI NA SABA.

Nikamwambia, mwanangu, hapa tunauliza maisha.
Akasema, nami nimejibu.
Kwa Ogada wa kusaga unga kuna injini
imenyamaza tangu Pasaka.
Nati yake nimeipima kwa kidole:
kumi na sita haiingii,
kumi na tisa inazunguka bure.

Kamati ilikaa Jumanne. Chai, mandazi,
na bango ukutani: KILA KIJANA NI HAZINA.
Mweka hazina akauliza
kama spana ni hitaji la msingi au ni kifaa,
maana fungu la vifaa lilikuwa limekwisha,
limebaki la fulana na semina.

Niliinunua mwenyewe Kibuye, Jumapili,
ya mtumba, kutu shingoni, shilingi mia mbili.
Kwenye daftari la matumizi nikaandika "usafiri".
Ni uwongo, lakini ilisafiri.

Nisijisifu peke yangu. Shirika lilimlipia
mihula miwili ya chuo cha ufundi, ovaroli,
sahani ya githeri kila mchana,
na mwalimu Wafubwa, ambaye hakucheka
msichana alipoinama akatega sikio
kwenye tumbo la injini, kama mkunga.

Muhula wa tatu hakuja.
Mama aliugua, na kikaango hakina likizo.
Wafadhili walitaka ripoti kabla ya tarehe thelathini,
na safu ya mwisho ina vijumba vitatu tu:
Amehitimu. Anaendelea. Ameacha.
Nikatia alama cha tatu.
Ikachapwa kwa rangi, karatasi ya kung'aa.

Mwaka jana, Agosti, nikitafuta kwao mtoto mwingine
katika vichochoro vile vile,
nikasikia mashine ya Ogada inasaga.
Unga hewani, akina mama kwenye foleni na debe zao,
na mtu ameinama, nyusi nyeupe pe,
wavulana wawili wakimmulikia tochi.
Hakusimama kunisalimu.
Shika hapa, akasema. Nikashika.
Grisi ikapanda hadi kiwiko cha shati langu la ofisini.

Nilipotoa simu nimpige picha, akaweka kiganja mbele ya lenzi.
"Mimi kwenu si niliacha?"
Ukurasa wa ripoti ulikuwa umemfikia,
umefungiwa njugu za shilingi kumi.

Sikuwa na neno. Mashine ilinisaidia, ilikuwa na kelele.
Nilipoaga akanifuata mlangoni,
akafuta spana kwenye paja la ovaroli,
ile ile, shingo sasa inang'aa kwa kushikwa.
"Nimenunua seti nzima. Hii irudi kazini."

Iko mezani kwangu. Imekandamiza fomu
upepo wa ziwa usizipeperushe.
Vijumba bado ni vitatu. Niliomba cha nne,
nikaambiwa mfumo haukubali.

Leo asubuhi kuna mvulana wa Nyalenda mbele yangu,
swali la kumi na moja,
mistari mitano mitupu, kalamu mdomoni.
Sijamharakisha.
Nimesogeza tu spana apate mahali pa kuweka kiwiko.
Ameiokota. Ameipima uzito, ameigeuza,
ameniuliza: Hii inafungua nini?